Boti ya Mama Mkwe na Kidebe cha Mafuta

Jamani, kuna aibu za kawaida, zile za kujikwaa kanisani wakati wa sadaka au kumsalimia mtu kwa jina la ndugu yake marehemu, hizo nimepata nyingi na nimeshazizoea, lakini hii ninayotaka kuwaambia ni ya daraja jingine kabisa, aibu iliyonifanya kwa muda mrefu nikifika Mang'ola nipite nyuma ya nyumba za watu badala ya barabarani, maana watoto wakiniona tu walianza kusugua hewa kwa mikono kama wanaofua. Mke wangu amesema nisimulie mwenyewe kabla hajasimulia yeye. Naona afadhali, maana yeye akifika pale kwenye maji hucheka mpaka anashindwa kumaliza, na mimi nataka mwisho ufike.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ambayo ukiingia dukani unakuta rafu na muuzaji, basi. Mimi nilikuwa fundi rangi pale Karatu na jina langu lilikuwa limeanza kusikika (haya, najisifu kidogo, mtanivumilia). Milango, vitanda vya chuma, mabodi ya malori, hata magari ya watalii yaliyochubuliwa na vichaka kule Ngorongoro yaliletwa kwangu. Kitu ambacho sikuwahi kukipaka ni boti, na sababu yake ni rahisi, nimezaliwa Daa, huko juu kwenye mashamba, na maji mengi niliyowahi kuyaona mahali pamoja yalikuwa ndani ya pipa.

Lakini nikaenda kuoa ziwani. Mke wangu Veronika ni binti wa Msukuma mmoja aliyehamia kando ya Ziwa Eyasi na boti yake ya mbao, akaileta juu ya lori kutoka kwao, kwa sababu alisikia kwamba mvua zikiwa nzuri ziwa lile linajaa na kambale wanapatikana kama mchezo. Mzee alishafariki wakati mimi naoa. Boti ilibaki kwa mama mkwe wangu, Mama Vero, vijana wa pale wakawa wanaivulia na yeye anachukua fungu lake, na hilo fungu ndilo lililokuwa linamlisha.

Sasa, kwa wasiojua taratibu za wakwe zangu, mkwilima, yaani mume wa binti, na mama mkwe hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakitaka kuambiana jambo anatafutwa mtu wa katikati. Mtu wetu wa katikati alikuwa baba mdogo wa Vero, Mzee Masanja, mzee mcheshi mwenye sauti ya kupigia ng'ombe. Kwa hiyo mama mkwe anaweza kuwa amekaa upande huu wa jiko na mimi upande ule, namsikia kabisa, akasema, "Masanja, mwambie mkwilima chai iko tayari," na Masanja ananigeukia, "Mkwilima, chai iko tayari," na mimi namwambia Masanja ashukuru, na Masanja anashukuru. Mimi niliona raha tu, ni kama kuwa na mkalimani wa lugha unayoijua.

Vero alikwenda kwa mama yake kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Akajifungua salama, msichana, nami nikakaa Karatu nikihesabu lini nitakwenda kuwachukua, nyumba imepoa, ugali ninaousonga mwenyewe hata paka anauangalia mara mbili. Siku ilipofika nikajipanga kama mwanaume. Kwetu huko juu, na kwa Wamasai pia, mwanamke akijifungua lazima apate mafuta ya kondoo, anywe, apikiwe, mwili urudi. Rafiki yangu Saning'o wa Malambo, ambaye nilimpakia rangi sanduku lake la nguo likawa linang'aa kuliko nguo zenyewe, akanipa kidebe cha mafuta safi ya mkia. Nikapanda lori la vitunguu, kidebe katikati ya miguu, jua linachoma, nikashuka Mang'ola nanuka kondoo lakini moyo mweupe.

Masanja akanipokea, akakiangalia kidebe, akafurahi. "Tusikitoe sasa," akasema. "Tutakitoa siku ya maana, watu wakiwepo, waone mkwilima wa milimani naye anajua mambo." Tukakiweka nyumbani kwake, nilikofikia mimi.

Nikamwona mtoto. Sitasema mengi hapo, nitalia na mkasa utaharibika. Basi nikatuma ujumbe kwa njia yetu ya kawaida kwamba nimekuja kuchukua mke na mwanangu, na jibu likaja kutoka upande wa pili wa jiko, taratibu kabisa: "Masanja, mwambie mkwilima nimesikia. Lakini boti imelala juu chini tangu kiangazi, rangi ya tumboni imekwisha, inakunywa maji, vijana hawataki kuingia nayo. Samaki ndio hawa wamejaa. Vero akiondoka, mimi nitabaki na nani na nitakula nini? Mkwilima si fundi rangi? Boti ikiingia majini, achukue mke wake."

Mnaona? Hakukataa. Kanipa kazi ninayoijua. Nikamwambia Masanja aseme kwamba hiyo ni kazi ndogo, na Masanja (Mungu anamwona) akasema, "Mkwilima anasema hiyo ni kazi ndogo SANA," akaongeza neno lake mwenyewe.

Nikaenda kuiona. Ilikuwa imepinduliwa ufukweni, tumbo juu, mbao zake pana na nzee, na ukiiangalia unauona mstari wa maji waziwazi, juu ya mstari rangi bado ipo ipo, chini ya mstari magamba matupu. Masanja akanieleza: kwangua mpaka mbao, acha zikauke, ziba nyufa kwa pamba, piga praima, ile rangi ya kwanza ya kuziba mbao, irudie, kisha ndiyo rangi. "Praima ndiyo boti," akasema. "Rangi ni nguo tu." Nikamwambia najua, mzee wangu, nimepaka malori.

Na nitasema ukweli, kazi ya kukwangua niliipenda. Upepo unatoka ziwani, mbao zinatoa harufu ya zamani, Vero anakuja na mtoto mgongoni ananiletea uji, anakaa kwenye gogo tunapiga soga, mimi nasugua na msasa mpaka mkono unakufa ganzi, na kwa mbali mama mkwe anapita na ndoo yake akijifanya hatazami. Nikaziba nyufa zote kwa pamba kama nilivyoelekezwa. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo.

Nilikuwa nimekuja na makopo mawili, moja rangi ya bluu na moja praima, akiba yangu ya siku nyingi. Nikafungua la bluu, zuri. Nikafungua la praima, nikaingiza kijiti, kijiti kikavunjika. Imeganda! Imekuwa jiwe lenye umbo la kopo. Nikaitia mafuta ya taa, nikaikoroga kwa msumari, nikaibembeleza, wapi.

Sasa jiwekeni mahali pangu. Kupata praima nyingine ni kurudi Karatu, na Karatu haipo, ni kwenda Arusha, na Arusha ukiuliza unaambiwa njoo mwezi ujao. Na mama mkwe ataambiwa nini? Kwamba fundi amekuja na jiwe? Nikakaa nyumbani kwa Masanja, peke yangu, kichwa mikononi, na macho yangu (macho ndiyo yaliyoniponza) yakatua kwenye kidebe.

Nikaanza kufikiri, na mimi nikifikiri peke yangu huwa ni hatari. Nikamkumbuka Saning'o, jinsi mvua ya Ngorongoro inavyompiga na yeye amejipaka udongo mwekundu na mafuta ya kondoo, maji yanateleza tu. Nikamkumbuka bibi yangu, sketi yake ya ngozi aliyokuwa akiilainisha kwa mafuta, haikuwahi kulowa maisha yake yote. Nikasema, kama mafuta yanazuia maji kwenye ngozi, mbao ni nani ikatae? Na udongo mwekundu si ndiyo rangi ya praima yenyewe? Hata mtu akiangalia hatajua. Nitachota kidogo tu, kiasi cha kikombe, Vero hatakosa kitu.

Masanja alikuwa kwenye ng'ombe. Nikayapasha mafuta moto, nikachanganya na udongo mwekundu, nikabeba brashi. Jamani, mbao za zamani zina kiu! Unapaka, zinakunywa. Unarudia, zinakunywa. Kikombe kikaisha, nikaenda kuchota kingine, na kingine, na kila nikisema hiki ndicho cha mwisho nilikuwa nasema kweli kutoka moyoni. Nilipofika upande wa pili wa boti nilikuwa nakwangua kona za kidebe kwa kijiko.

Lakini ilipendeza! Nyekundu, inang'aa. Masanja akaja, akainusa.

"Mkwilima, praima gani hii inanukia kama sikukuu?"

"Ni aina mpya, mzee. Ya kisasa."

Akatikisa kichwa akaondoka. Waliofuata kuinusa walikuwa mbwa. Mbwa wote wa kijiji wakaja kuilamba boti ya mama mkwe wangu, nikashinda kutwa nzima nikiwafukuza kwa fimbo, na watu wanaopita wananisifu kwamba mkwilima huyu anailinda kazi yake. Kesho yake nikapiga bluu juu yake. Jua likaikausha juu ikaweka ngozi nzuri, mimi nikaigusa kwa kidole, nikaona imekauka. Sikujua kwamba imekauka kama maziwa ya chai yanavyokauka, utando juu, chini bado maji.

Basi ikafika siku ya kuiingiza. Watu wakaja wengi, maana boti iliyosimama muda mrefu ikirudi majini ni jambo la furaha, wanawake wanapiga vigelegele, vijana wamevua mashati. Mama mkwe alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Akaiangalia ile bluu, na mimi niliyekuwa natazama chini kwa adabu nikamwona kwa pembe ya jicho akitikisa kichwa kwa kukubali. Nyie, nilisikia raha mpaka kwenye magoti. Vero yuko pale na mtoto, vitu vyao vimeshafungwa kwenye shuka, lori la vitunguu linaondoka kesho.

Vijana wakaishika boti kuigeuza isimame kwa mkuku, ule uti wake wa chini. Wa kwanza akasema, "Ah!" akaangalia viganja vyake, bluu. Wa pili naye bluu. Nikasema kwa sauti ya kifundi kwamba hiyo ni kawaida, ni rangi ya ziada inajitoa. Wakaigeuza hivyo hivyo, ikawekwa juu ya magogo, na mama mkwe akapandishwa akakaa katikati, kwa sababu marehemu mumewe alikuwa akisema boti isiingie majini bila mwenyewe. Makasia bado yalikuwa yameegemezwa kwenye mti. Ukingo pale una mteremko. Na jua, mnalijua jua la Eyasi, lilikuwa limeshaipika ile mbao.

Masanja akainua mkono. "Kabla hatujasukuma," akapaza ile sauti yake ya ng'ombe, "mkwilima hakuja mikono mitupu! Ameleta mafuta ya mzazi! Nimetuma yaletwe hapa muyaone!"

Nikageuka na kweli, mke wa Masanja anakuja na kidebe kichwani, anakuja harakaharaka, kwa sababu kidebe ni chepesi. Vijana walioishikilia boti nao wakageuka kutazama. Mafuta yaliyolainika, viganja vyenye jasho, na mtu anatazama nyuma. Boti ikawatoka mikononi mwao wote kwa pamoja, bila hata kelele, ikateleza juu ya magogo kwa adabu kabisa na mama mkwe wangu ndani yake amekaa wima, ikaingia ziwani, ikaendelea kwenda.

Halafu ile pamba niliyozibia nyufa, ambayo mafuta yalikuwa yameilegeza, ikaanza kutoka, tukaiona inaelea pembeni. Na mama mkwe wangu, ambaye tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitupia neno moja bila kulipitisha kwa mtu, akageuka, akanitafuta katikati ya watu, akanikazia macho.

"Wewe mkwilima! Wewe! Unanipeleka wapi? Maji yanaingia! Njoo unitoe!"

Ananiambia mimi! Moja kwa moja! Nikaruka. Sijui kuogelea, nimesema nimetoka Daa, lakini nikaruka na viatu vyangu, nikajilaza majini kama nilivyowahi kusikia watu wanavyofanya, nikapiga mikono na miguu, nikameza maji ya Eyasi, ambayo ni kama kunywa magadi ya kupikia makande, nikaona maisha yangu yote yanapita, nikapiga kelele, "Mlee mtoto, Vero! Mlee mtoto!"

"Simama!" Ilikuwa sauti ya Masanja. "Simama, we mtu! Maji ya kiunoni hayo!"

Nikasimama. Yalikuwa ya kiunoni, na si kiuno chote.

Sikutaka kugeuka kuwaona watu, nilikuwa nawasikia vya kutosha. Nikatembea mpaka kwenye boti. Mle ndani maji yalikuwa yamemfika mama mkwe kwenye vifundo vya miguu, na hakukuwa na njia nyingine, nikampa mgongo, naye baada ya kusita kidogo akanipanda, mikono shingoni mwangu, mama mkwe wangu mzima! Nikapiga hatua mbili tatu na nikasikia maji yanabadilika chini. Yanateleza. Yanatekenya. Nikatazama, nikaona povu.

Povu jeupe, jamani, linatoka chini ya boti, linapanda, linaongezeka kila boti ikitikisika, na vipande vya rangi ya bluu vinaelea juu yake. Mafuta yangu yaliyokuwa yameshachacha kwa jua la lori, maji ya magadi, na mbao inayosuguana na mawimbi. Mimi nilikuwa nimelipikia ziwa sabuni. Nikakanyaga gogo lililokuwa chini humo, nikateleza, tukaenda chini wote wawili, tukaibuka wote wawili, na mama mkwe alikuwa na povu kichwani mpaka kwenye nyusi.

Ndipo mke wa Masanja pale ukingoni akatua kidebe, akachota povu kwa kiganja, akalisugua kwenye upindo wa khanga yake, akaliangalia. Akapiga ukelele: "Sabuni! Wenzangu, ni sabuni!"

Kumbukeni ni miaka ipi. Kipande cha sabuni kilikuwa kinagawanywa kwa uzi. Wale wanawake waliokuja kwa vigelegele walitawanyika kama kuku, na kabla mimi sijamfikisha mama mkwe nchi kavu walikuwa wamerudi, na mashuka, na sare za shule, na nepi, na koti la Mwenyekiti wa kijiji, wakaizunguka boti kwenye maji ya magotini, wanaitikisa wenyewe ili ilete povu zaidi, wanaimba. Vijana wenye viganja vya bluu nao wakaosha miguu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye tope, na mama mkwe amekaa kwenye gogo anajikamua kitenge. Masanja akaja na kidebe. Akakifunua, akachungulia, akakiinamisha ili naye aone. Kitupu, na udongo mwekundu kidogo kwenye kona.

Mama mkwe akaangalia kidebe. Akaangalia boti. Akaniangalia mimi.

"Mafuta ya mwanangu," akasema, "umeipaka boti?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote, mama. Boti ilikuwa na kiu."

Vero alikuwa amesimama nyuma yake na mtoto, na niliona midomo yake inatetemeka, nikadhani ni hasira (baadaye nilikuja kujua alikuwa anajizuia kucheka na kushindwa). Mama mkwe akasema, "Mke wako haondoki kesho."

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Aibu yote ile ya majini niliiona si kitu. Nilitazama lile shuka lenye vitu vyao vilivyofungwa nikaona nyumba yangu ya Karatu, ule ugali, yule paka.

"Na wewe pia huondoki," akaendelea. "Utakwangua mafuta yako yote kwa mchanga. Utatafuta kondoo mwingine. Utakaa hapa mpaka boti iwe boti. Na usimtafute Masanja akuletee majibu, nimeshakupanda mgongoni, tumeshaogeshana, kimebaki nini cha kuficha?" Kisha mabega yake yakaanza kucheza, akajifunika uso na kile kitenge kilicholowa, akacheka mpaka akaegemea gogo, na Vero naye akaachia.

Nikakaa. Nilidhani itakuwa adhabu, na kwa kweli kusugua mafuta kwenye mbao kwa mchanga ni adhabu, siwafichi. Lakini nililala chini ya paa moja na mwanangu, nikamwona akigeuka tumbo kwa mara ya kwanza, nikanywa chai na mama mkwe upande mmoja wa jiko, naye ananisimulia habari za mumewe na safari ile ya boti juu ya lori, na Masanja amenuna pembeni kwa kukosa kazi. Kondoo nilimpata kwa kumpakia mtu milango. Praima nayo ikapatikana baada ya kusubiri sana, nikaipiga, nikairudia, na boti ilipoingia majini safari hiyo ilielea kavu, bila povu, na wanawake fulani pale ukingoni walisikitika waziwazi.

Siku ya kuondoka, lori linaunguruma, nilikuwa nimesimama nikisubiri Masanja amchukue mtoto kwa bibi yake anipe mimi, kama ilivyo desturi. Mama mkwe akampita Masanja. Akaja mpaka mbele yangu, akanitazama usoni, akaniwekea mtoto mikononi yeye mwenyewe, vidole vyake vikagusa vyangu, akasema, "Haya, mwanangu. Nenda nao."

Mimi bado ni fundi rangi. Mkiniletea boti leo nitaipaka, wala sitaogopa. Ila kabla sijashika brashi, nitamwomba mwenye nyumba akusanye mafuta yote yaliyomo, ya kondoo, ya alizeti, hata yale ya nywele, ayafungie ndani, na ufunguo ampe mama mkwe wangu.